Mwenye mwendo wa polepole atembee wa pili
Tulipovipanda vilele vitatu vya Yorkshire, Uingereza, yaani Pen-y-ghent (mita 694), Whernside (mita 736) na Ingleborough (mita 723), katika mzunguko wa kilomita 39 hivi ambao wengi hulenga kuumaliza ndani ya saa 12, nilijifunza jambo hili: mwenye mwendo wa polepole kuliko wote awekwe wa pili, nyuma ya kiongozi, tangu hatua ya kwanza. Akiachwa mkiani, wenzake humsubiri wakiwa wameketi, kisha huinuka mara tu anapowafikia, hivyo anayehitaji pumziko zaidi ndiye asiyelipata, na mnapofika mteremko wa Whernside magoti yake huwa yamechoka kabisa. Akiwa wa pili, kiongozi husikia anavyohema na kupunguza mwendo mapema. Huyo wa polepole mwambieni faraghani, kwa upole, kwamba atatembea wa pili. Mkiani abaki mtu mzoefu. Mpango huu haufai ikiwa tofauti ya mwendo ni kubwa mno. Hapo ni bora mgawanyike mahali paitwapo Ribblehead, kabla ya kuanza kuipanda Whernside, kila kundi likiwa na ramani na kiongozi wake. Radi ikinguruma mkiwa juu, shukeni kwanza. Safu mtaipanga upya huko chini.