Kabla hujamwambia fundi "haya, anza kazi"

Miaka mitatu nyuma tulibadilisha paa la nyumba ya mamangu kule Kisauni, hapa Mombasa. Mafundi wawili walikuja kuangalia, wa kwanza akataja bei yake, wa pili akataja pungufu karibu robo nzima, na sisi bila kuuliza chochote tukamshika wa bei ya chini. Masika ya pili haijaisha, kutu ishakula misumari na maji yanadondokea kitandani kwa mama. Nilipopanda ngazi mwenyewe ndo nikaelewa, wale watu wawili hawakutupa bei ya kazi moja. Wa kwanza alihesabu mabati ya geji 28 na misumari isiyoshika kutu, wa pili alihesabu geji 32 na misumari yoyote ile atakayopata hadwea ya karibu. Geji ni kipimo cha unene wa bati, na mambo yake ni kinyume, namba ikipanda bati linakua jembamba, kwahiyo geji 32 ndo jepesi zaidi kuliko 30 na 28, na sisi hata hatukujua kuna kitu cha kuuliza hapo. Mama alilala sebuleni wiki tatu.

Tangu siku hio sikubali tena kulinganisha jumla na jumla. Fundi akikwambia "kazi yote elfu themanini" hujaambiwa kitu bado.

Cha kwanza kabisa pima mwenyewe kabla fundi hajafika. Nunua tepu, ni pesa kidogo, pima urefu, upana na kimo, andika kwenye daftari. Chukua chumba cha futi 10 kwa 12 kwa mfano, vyumba vyetu vingi ndo saizi hio. Sakafu ni futi mraba 120, ambayo ni kama mita mraba 11 na kidogo. Taili za sentimita 40 kwa 40 zinaingia 6 na robo kwenye kila mita mraba moja, kwahiyo unahitaji kama 70, ongeza asilimia 10 ya zitakazokatwa na kuvunjika, zinakua 77. Sasa fundi akikuandikia taili 110 unamuuliza kwa upole, hizi nyingine ni za wapi? Na rangi ni hivohivo. Chumba hichohicho chenye kuta za futi 9, ukitoa mlango na dirisha, kinabaki na kama mita mraba 33 za ukuta. Lita moja ya rangi inapaka karibu mita mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, mikono miwili ni kama lita 7. Ukuta mpya wa plasta unakunywa zaidi, hilo kweli, lakini haufiki ndoo nzima ya lita 20 kwa chumba kimoja. Mimi hesabu hii nimeifanya na jirani yangu juu ya kikombe cha chai, dakika kumi haikufika, ikamuokolea ndoo nzima ya rangi.

Halafu mwambie fundi hivi: "Fundi, niandikie vifaa mbali na leba mbali." Fundi anayejua kazi yake hatachukia, na akichukia mimi naona hapo umeshapata jibu lako. Vifaa viandikwe vyote, aina, saizi na idadi, saruji mifuko mingapi, mbao futi ngapi na unene gani, nyaya za unene gani. Ukishapata hio karatasi tembea hadwea mbili tatu na uulize bei za vilevile vitu, au wapigie simu. Uliza pia kama hio bei ina VAT ndani, maana asilimia 16 juu ya mzigo mkubwa ni pesa ya kuajiri kibarua, na uliza usafiri ni juu ya nani. Mzigo ukinunuliwa kisiwani na nyumba iko Likoni basi gari likipita kwa ferry linalipia na linakaa foleni, dereva atakuhesabia hayo yote, na ni haki yake, ila yawe kwenye karatasi tangu mwanzo.

Leba ndo ngumu zaidi kuijua kwa sababu haiuzwi dukani. Kuna anayehesabu kwa siku, kuna wa kwa mita, kuna anayechukua kazi nzima kwa bei moja. Uliza bei hio ni ya fundi peke yake au na mkono wake, yule kijana wa kukoroga na kubeba, na chakula cha mchana ni cha nani. Kisha uliza watu wa mtaani kwako waliofanya kazi kama yako mwaka huuhuu. Ukilinganisha leba ya Nyali na ya Changamwe utachanganyikiwa bure.

Lakini kitu ambacho watu wa bara wanaohamia huku hawakijui, na sisi wenyewe tunakisahau, ni chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma mchana na usiku. Zege likikorogwa na maji ya kisima yenye chumvi au mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, nondo za ndani zinashika kutu, kutu inavimba, na zege linapasuka na kudondoka vipande vipande, utaona chini ya slabu za nyumba nyingi tu hapa mjini. Kwahiyo bei ya chini inayokuja na mchanga usiojulikana umetoka wapi hio sio bei ya chini. Uliza mchanga unatoka wapi, uliza maji ya kukorogea ni yapi, na grili za dirisha zinapigwa rangi gani ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Haya ndo maswali yanayoonyesha nani amekuhesabia kazi ya kudumu.

Umeme sitasema mengi, mwenye kuugusa awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya nishati, muombe akuonyeshe. Na kama nyumba iko Mji wa Kale jua ni eneo la hifadhi, huwezi kubomoa roshani au kubadilisha mlango wa mbele hivihivi, pata ruhusa kwanza ndo uombe bei.

Wakati nao una bei yake. Kabla ya Idi kila mtu anataka kupaka rangi na mafundi wazuri wanakua hawapatikani, ukimuita wiki mbili kabla ya Idi utalipa ya haraka. Paa lifanye wakati wa kaskazi kukiwa kukavu, usingoje Aprili mvua ikushike nyumba iko wazi.

Na ukiwa na daftari mkononi angalia na gharama za kila mwezi. Bei ya stima za nyumbani iko kwa madaraja, anayetumia uniti 30 kwenda chini kwa mwezi analipa nafuu, anayepita 100 analipa juu kabisa. Sasa nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya stima inapita 100 haraka sana, na kila mpangaji analipia daraja la juu hata yule mwenye taa mbili na simu ya kuchaji. Muombe mwenye nyumba akuonyeshe ile meseji ya tokeni, gawanya pesa kwa uniti ujue uniti moja ni shilingi ngapi, halafu mzungumze habari ya mita ndogo kila chumba. Maji ya mkokoteni pia yahesabu kwa lita elfu moja, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ukinunua mtungi shilingi 20 basi lita elfu ni shilingi elfu moja, na hapo ndo unaweza kulinganisha na bauza, yaani lori la maji, au na bili ya mfereji. Familia nyingi haziijui hio namba, na maji ndo yanayowamaliza.

Ukikubaliana na fundi, mwandikie kila kitu kwa WhatsApp na yeye ajibu "sawa". Vifaa nunua mwenyewe au nenda naye dukani, risiti ibaki kwako. Leba lipa kwa hatua, kiasi akianza, kiasi kazi ikifika nusu, na usimalizie siku anayoondoka na vyombo vyake. Paa la mama lilipofanywa mara ya pili tulikubaliana na fundi mapema, pesa ya mwisho ataipata mvua kubwa ya kwanza ikipita bila tone ndani. Hakubisha hata kidogo. Mvua ilinyesha usiku wa Jumapili, asubuhi akapiga simu yeye kwanza, "Mama ameamka mkavu?"