Jinsi ya kufundisha utekaji wa Weusi huru Marekani, somo la dakika 50 (Bukavu)

Chora ramani ubaoni kabla ya kengele. Mstari mmoja unatosha: Saratoga, New York, Washington, Richmond, kisha kwa meli hadi New Orleans. Ndiyo njia aliyopitishwa Solomon Northup, Mweusi huru wa jimbo la New York aliyetekwa na kuuzwa utumwani mwaka 1841.

Anza na neno lenyewe. Aliyezaliwa huru, kwa Kiswahili, ni mngwana, na Northup alikuwa mngwana. Ila hapa Kivu "wangwana" huleta kwanza picha ya misafara ya Tippu Tip, nayo ilikamata watu. Eleza maana zote mbili kwa dakika 2. La sivyo nusu ya darasa itamdhania Northup kuwa mfanyabiashara wa watumwa.

Sababu zipite haraka. Tangu 1 Januari 1808 sheria ya Marekani ilikataza kuingiza watumwa kutoka nje, wakati mashamba ya pamba ya kusini yalikuwa yanazidi kutaka mikono. Bei ya mtu ikapanda, na aliyeibwa kaskazini hakumgharimu mwizi chochote.

Muda mwingi uache kwa hila. Wanaume wawili walijidai watu wa sarakasi, wakamwahidi dola 1 kwa siku na dola 3 kwa kila usiku atakaopiga fidla. Tena wakamhimiza achukue hati za uhuru kule New York. Uliza: mtekaji anamtafutia hati kwa nini? Nyamaza, wahangaike dakika 3 nzima. Hati zilimtuliza, akakubali kwenda Washington, mahali utumwa ulikuwa halali. Huko alikunywa nao, akaugua, akazinduka yuko kwenye minyororo, hati hazipo. Aliposema yeye ni huru, alichapwa. New Orleans akapewa jina Platt.

Wanafunzi wa Bukavu wanajua karte (kitambulisho) inavyodaiwa kwenye bariere, yaani kizuizi cha barabarani. Waulize: ikipotea, nani atakuamini? Kisha waambie kwamba mwaka 1853, alipokwisha kukombolewa, mahakama ya Washington ilikataa ushahidi wake dhidi ya mfanyabiashara aliyemfunga, kwa kuwa alikuwa Mweusi. Andika pia ubaoni 10 na 5. Kwa sheria ya 1850, afisa alilipwa dola 10 akimtoa mtu kama mtumwa mtoro, dola 5 akimwachilia. Usieleze zaidi, hesabu wataifanya wenyewe.

Atatokea wa kusema Northup alikuwa mjinga. Mjibu kwa wavulana Weusi wa Philadelphia, walioitwa mwaka 1825 kushusha matunda melini wakaishia kuuzwa kusini.

Msiigize mnada. Wala usiulize nani ana ndugu aliyetekwa: hapa mkono utanyooshwa kweli, na wewe umebakiza dakika 10.

Kazi ya nyumbani ni barua ya mistari 8. Northup aliokolewa kwa barua zilizoandikwa na Samuel Bass, seremala kutoka Kanada, na kwa sheria ya New York ya 1840 iliyomruhusu gavana kutuma mjumbe wa kumrudisha raia aliyetekwa. Mwanafunzi aandike barua ya namna hiyo: jina la kweli, alikozaliwa, aliko sasa, na majina ya wanaomfahamu tangu zamani. Isiyotaja shahidi hata mmoja ipewe sifuri, hata kama Kifaransa chake kinang'aa.