Kwanza ujue kinachoziba pua, ndipo uongee juu ya kisu

Miaka 19 nilipumua kwa tundu moja la pua, la kuume. Nilikuwa na umri wa miaka 15, tunacheza mpira kule mtaani Katuba, kiwiko cha mwenzangu kikanipata usoni. Mama akanifinya pua kwa kitambaa cha maji baridi hadi damu ikakatika, tukala bukari, yaani ugali, tukalala. Hakuna aliyechungulia ndani kuona kama ukuta wa kati, ule unaotenganisha matundu mawili, umepinda. Baadaye nilipasuliwa mara mbili. Ya kwanza haikunifaa kitu, ya pili ndiyo iliyonifungua. Ninamwandikia mtu wa Lubumbashi, au wa popote, anayelala mdomo wazi kila usiku.

Kabla ya yote, neno kwa wazazi. Mtoto akigongwa pua, mulika ndani ya matundu kwa tochi ya simu. Ukiona ukuta wa kati umevimba, laini, mwekundu wa kuelekea zambarau, na hewa haipiti, hiyo ni damu iliyojikusanya chini ya ngozi ya ndani. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Sehemu ya mbele ya ukuta huo ni gegedu, ule mfupa laini unaopindika, na gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na ngozi inayolifunika. Damu ikiingia katikati yao, gegedu linakosa chakula, na kwa siku chache tu linaweza kuoza na mgongo wa pua kudidimia. Daktari akiikamua damu hiyo mapema, pua huokoka.

Sasa wewe mtu mzima. Ukuta uliopinda si ugonjwa wenyewe; watu wengi sana wanao na hawana habari. Kinachokupeleka kwa daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, ni shida unayoishi nayo: tundu linaloziba upande uleule mwaka mzima, damu inayorudirudi, usingizi usiotosha. Mimi ni mchomeleaji. Ndani ya maski ya kazi nilikuwa nahema kwa mdomo, na kufika saa nne asubuhi koo limekauka kama kiangazi chetu cha mwezi wa nane.

Pua huzibwa hasa na vitu vitatu, na hapo ndipo nilipopotea. Kuna ukuta wa kati. Kuna vinyama vya pembeni, madaktari wetu huviita korne, vinavyovimba kwa vumbi au mafua kisha vikanywea. Na kuna mlango wenyewe, ile sehemu nyembamba ya mbele, ambayo kwa watu wengine hujifunga wanapovuta hewa kwa nguvu. Nikiwa na miaka 29, mtu wa kituo kimoja cha afya alinitazama kwa dakika mbili, akasema nyama zimeota, akaunguza korne ya kushoto. Miezi minne nikapata nafuu, kisha hali ikarudi palepale. Ukuta ulioegemea kushoto haukuguswa kamwe. Sikumuuliza hata swali moja, nililipa nikashukuru.

Daktari wa pili alinishikia kijiko cha chuma baridi chini ya pua. "Papa, toa hewa polepole." Upande wa kuume ukungu ulitanda ukubwa wa kifuniko cha chupa. Upande wa kushoto, alama kama punje moja ya hindi. Akatia matone ya kunyweza uvimbe, tukangoja dakika kumi, kijiko tena: punje ileile. Akanieleza kwamba alama ingepanuka, angeilaumu korne. Kwa kuwa haikubadilika, kinachoziba ni kitu kigumu, gegedu au mfupa. Kisha akalivuta shavu langu pembeni kwa kidole, nikiwa navuta hewa. Kama pua ingefunguka kwa kuvutwa hivyo, mlango ndio dhaifu, na kunyoosha ukuta peke yake kusingetosha. Mwishowe akaingiza kamera nyembamba kutazama nyuma. Skana hakuniagiza, huiagiza akishuku ugonjwa wa sinusi, yale mashimo ya hewa yaliyo ndani ya mifupa kando ya pua. Mwombe daktari wako akupime hivi, au akueleze kwa nini haina haja.

Usikimbilie bloku, yaani chumba cha upasuaji, kabla ya kujaribu dawa. Mimi nilipewa sprei ya steroidi kwa wiki sita, pamoja na kuosha pua: nusu kijiko kidogo cha chumvi katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Dawa hainyooshi ukuta, lakini inaondoa uvimbe unaoongezea shida, na wako wanaoishia hapo kwa furaha. Yale matone ya dukani yanayofungua pua papo hapo usiyatumie zaidi ya siku tano. Ukiyazoea, pua huvimba kila yanapokwisha nguvu, na unakuwa na ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani.

Upasuaji unaofanywa zaidi ni septoplasti, yaani kunyoosha ukuta wa kati. Hakuna jeraha usoni. Daktari anachana ngozi ndani ya tundu, anaibandua kutoka kwenye gegedu, anapunguza au kulegeza panapopinda, anatoa mfupa uliochomoza, anarudisha ukuta katikati na kushona. Kwa kawaida huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu, kwa usingizi wa dawa au kwa ganzi. Jambo la kuelewa vizuri ni lile linalobaki. Mwanzoni mwa karne ya 20, kwa njia ya madaktari Freer na Killian, sehemu kubwa ya gegedu ilitolewa, ukiachwa ukanda wa umbo la herufi L, juu na mbele, wa kubeba pua. Baadaye daktari Cottle akafundisha kulihifadhi gegedu na kulinyoosha badala ya kulitupa, na huo ndio mwelekeo wa leo. Ule ukanda hata sasa unapaswa kubaki, upana wa sentimita moja hivi. Muulize daktari: utatoa nini, utabakiza nini? Anayeijua kazi yake atakuchorea kwenye karatasi.

Inafaa kweli? Huko Uholanzi, utafiti uliotoka mwaka 2019 uliwafuata watu wazima 203, na waliopasuliwa walikuwa na hali nzuri kuliko waliobaki na dawa.

Kama tatizo ni mwiba mmoja tu wa mfupa huko nyuma, unaweza kuondolewa kwa kamera bila kubandua ukuta mzima. Korne iliyonenepa upande ulio wazi, kama yangu ya kuume, hupunguzwa siku hiyohiyo. Kupunguzwa, nasema, ikiondolewa yote pua hukauka, na mtu anaweza kuhisi hapati hewa ingawa njia ni pana. Mlango dhaifu huwekewa vipande vya gegedu lake mwenyewe ili usijifunge. Pua iliyopinda hata kwa nje inahitaji septorinoplasti, yaani kunyoosha ukuta pamoja na umbo la nje, kazi kubwa zaidi, mara nyingi mifupa huvunjwa na kupangwa upya, na unavaa kifaa juu ya pua kwa wiki moja hivi. Na ukuta uliovunjika vibaya sana unaweza kutolewa nje, kunyooshwa mezani na kurudishwa. Hilo tafuta aliyelizoea. Kwa mtoto, kwa kawaida husubiriwa uso umalize kukua, isipokuwa shida iwe kubwa.

Ukishakubali, mwambie daktari wa usingizi kila kitu: presha, pumu, damu inayokawia kuganda, anemia SS (selimundu) wewe au ndugu zako, na dawa za miti shamba unazokunywa, hata kama unaona haya kuzitaja. Aspirini na ibuprofeni huachwa siku saba hadi kumi kabla, lakini kama aspirini ulipewa kwa ajili ya moyo usiiache bila ruhusa ya daktari. Sigara iache wiki kadhaa. Chakula cha mwisho kiwe masaa sita kabla ya upasuaji. Uliza pia bei nzima kabla ya tarehe: bloku, usingizi, dawa, na siku za kurudi kuangaliwa.

Nilipoamka nilidhani wamekosea, kwa kuwa pua zote mbili zilikuwa zimeziba: walinijaza meshi, vile vitambaa virefu vya kuziba damu. Usiku ule ndio mgumu kuliko yote. Mke wangu alinipangia mito mitatu nilale nimeinua kichwa, akawa ananilowanisha midomo kwa kitambaa. Asubuhi muuguzi alizivuta. Meshi ndefu kuliko unavyofikiri, inatoka polepole, machozi yanatiririka bila kulia, halafu damu kidogo, halafu hewa baridi inapita kushoto hadi nyuma ya koo. Siku hizi madaktari wengi hawaweki meshi kabisa. Hushona tu, au huweka vibati laini vya plastiki kwa wiki moja. Uliza mapema.

Baada ya hapo uvimbe unarudi, usikate tamaa. Wiki mbili usipenge, piga chafya mdomo wazi, usinyanyue kizito, osha kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku, maganda yatoke yenyewe. Meno ya juu ya mbele yanaweza kufa ganzi kwa wiki kadhaa, yangu yalirudi. Matokeo hasa yanaonekana kwenye mwezi wa tatu. Hatari zipo: ukuta kutoboka, kupinda tena, mara chache kunusa kupungua. Kimbia hospitali ukiona damu isiyokatika baada ya kufinya pua dakika 20, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, pande zote mbili kuziba ghafla, au maji meupe kama ya kunywa yanayodondoka bila kukoma.

Kazini nilirudi wiki ya nne, kwanza kukata na kupima tu, moshi wa kuchomelea baadaye. Kama unaweza kuchagua tarehe, epuka mwezi wa saba hadi wa tisa, vumbi jekundu likiwa kila mahali. Mimi sikuchagua, na nilitembea na barakoa iliyolowa hadi mvua ya kwanza.