Kabla ya kugeuza RDF kuwa hati za JSON, jua "@embed"

RDF ni njia ya kuandika data kama kauli fupi zinazounganisha vitu, na JSON-LD ni namna ya kuiandika kwa JSON. Ukiwa na RDFLib, maktaba ya Python ya kushughulikia RDF, tangu toleo la 6 huhitaji kusakinisha nyongeza yoyote: g.serialize(format="json-ld") inatosha. Lakini utapata orodha bapa: kitabu huku, mwandishi wake kule, kinachowaunganisha ni kitambulisho tu. Anayetengeneza ukurasa ataumia nayo.

Ipitishe orodha hiyo kwenye PyLD, maktaba nyingine ya Python ya JSON-LD, kwa jsonld.frame(). Fremu ni umbo la hati unayoitaka: unasema anza na aina ya Mchapishaji, ndani yake weka vitabu vyake, na ndani ya kila kitabu mwandishi. Maktaba inapanga yenyewe.

Sasa sehemu iliyonikosesha usingizi siku mbili. Mwandishi mwenye vitabu viwili alionekana kamili kwenye kitabu cha kwanza, cha pili kikabaki na "@id" (kitambulisho chake) tupu. Nilidhani data imepotea, nikaikagua yote upya. Kumbe katika JSON-LD 1.1 chaguo-msingi la "@embed", agizo la jinsi kitu kinavyopachikwa ndani ya kingine, ni "@once", yaani kitu hupachikwa mara moja tu ndani ya kila kitu cha ngazi ya juu, hapa mchapishaji. Andika "@embed": "@always" kwenye sehemu ya mwandishi ya fremu, na kila kitabu kitabeba mwandishi wake. Faili litanenepa, lakini kwa hati za kusomwa moja moja, naona inafaa kabisa.

Na kwenye "@context", sehemu inayoeleza maana ya majina ya uga, uga wa mwandishi upe "@container": "@set", ili uwe orodha daima. Bila hivyo, kitabu cha mwandishi mmoja kitatoa kitu kimoja na cha wawili kitatoa orodha, na msimbo unaosoma hati utavunjika.