Kudai haki yako unaponunua umeme na gesi ya nyumbani Tanzania Bara

Malalamiko mengi ya umeme na gesi hukwama kwa kukosa ushahidi, ingawa haki ya mlalamikaji ipo. Kwa hiyo anza na risiti. Unaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, usiishie kwenye tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita; soma ujumbe wote, kwa sababu humo ndimo zinamoonyeshwa uniti ulizopewa, kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Kwa kiwango cha T1, kundi la watumiaji wa kawaida, kilichoanza 2016, yaani shilingi 292 kwa uniti kabla ya tozo, na VAT ya asilimia 18, shilingi 10,000 hutoa takriban uniti 28. Ukipata pungufu, tazama kwanza kama kumekatwa deni au kodi ya jengo.

Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukusanywa kupitia LUKU, ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayekatwa anastahili kurudishiwa au kupunguziwa pango, na ni vyema jambo hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kuhamia, maana kulizungumza baada ya miezi kadhaa huzaa ugomvi. Nyumba moja ikiwa na mita kadhaa, mwenye nyumba apeleke namba za mita hizo kwa mamlaka inayokusanya kodi hiyo ili kodi isikatwe mara mbili.

Wenye matumizi madogo waulizie kundi la D1, ambalo uniti 75 za kwanza kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja kabla ya tozo. Ukizidisha mara kwa mara utahamishiwa T1, nawe una haki ya kuelezwa sababu.

Kwenye gesi ya mitungi ndiko mnunuzi hupunjwa kwa urahisi zaidi, kwani hakuna mita inayomtetea. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, nawe unatakiwa kudai mtungi upimwe mbele yako kabla ya kulipa. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa au kuandikwa juu ya mtungi wenyewe: ukisomeka kilo 7.2 kwenye mtungi wa kilo 6, mizani ionyeshe kilo 13.2. Angalia pia kama sili haijaguswa, kisha omba risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Anayekuambia mizani imeharibika tangu juzi, mwachie mtungi wake uende duka la pili. Upungufu wa uzito hupelekwa Wakala wa Vipimo. Wachache waliounganishwa na bomba la gesi asilia, kama baadhi ya kaya za Mikocheni na Mtwara, mkataba wao ni na TPDC, shirika la maendeleo ya petroli, na malalamiko yao huanzia huko.

Likitokea tatizo, iwe mita inayokimbia au umeme uliounguza friji, lipeleke kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na udai namba ya taarifa. Ukipiga simu, andika tarehe, saa na jina la aliyekupokea. Usifungue wala kuchezea mita, hata fundi wa mtaani akikuhakikishia kuwa anaijua, kwa sababu mita ni mali ya TANESCO, shirika la umeme, na kesi itageuka dhidi yako. Omba ipimwe rasmi.

Usiporidhika na majibu, au yasipokuja, fikisha lalamiko EWURA ukiambatisha risiti, picha na barua ulizokwisha kuandika. Mamlaka hujaribu kwanza kuwasuluhisha, na ikishindikana husikiliza shauri na kutoa uamuzi, ambao asiyeridhika anaweza kuukatia rufaa Baraza la Ushindani. Asiyejua kuandaa maelezo yake aende EWURA CCC, baraza la watumiaji lililowekwa na sheria, ambalo pia huwasemea wananchi kwenye taftishi za bei, yaani vikao vya kukusanya maoni kuhusu bei. Walioko Zanzibar, wanaonunua umeme wa ZECO, shirika la umeme la huko, mamlaka yao ya udhibiti ni ZURA.