Namna ya Kuitambua Sanamu ya Wahenga ya Wangbaka

Wangbaka wanaohusika hapa ni wale wa kaskazini-magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika nchi iliyo kati ya mto Ubangi na mto Kongo, ambako mji mkubwa ni Gemena. Wasichanganywe na Wangbaka Mabo wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambao ni watu wengine.

Anza na uso. Katika sanamu nyingi za Wangbaka uso umechongwa ukabonyea kuanzia chini ya nyusi, ukawa kama umbo la moyo, na pua nyembamba imesimama katikati ya bonde hilo. Kwenye paji la uso hushuka mstari wa vinundu au vipengo, mara nyingi hadi kwenye pua, unaoiga chale ambazo watu wenyewe walichanjwa. Zima taa ya juu, kisha mulika sanamu kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha vinundu vilivyosagika na alama za tezo ambazo mwanga wa mbele huzifuta.

Hata hivyo mstari huo peke yake hauthibitishi chochote. Wangbandi, majirani zao, nao wana chale za paji la uso katika sanamu zao, na mitindo ya eneo zima la Ubangi imeingiliana kiasi kwamba anayeamua kwa alama moja atakosea mara nyingi. Linganisha uso na kiwiliwili: miguu mifupi iliyokunjwa magotini, na mikono iliyoachana na mwili au iliyowekwa tumboni. Mambo hayo yasipopatana, ni heri kuandika “eneo la Ubangi” kuliko kutaja kabila kwa kubahatisha.

Baada ya umbo, uliza kazi. Katika masimulizi ya Wangbaka, Seto ndiye mhenga wa kwanza, naye pia ni mjanja wa hadithi nyingi. Nabo ni dada yake na mkewe. Sanamu zao, mume na mke, ziliwekwa pamoja mahali pa matambiko penye makazi. Kwa hiyo ukikuta sanamu moja, chunguza kama kumbukumbu zake zinataja mwenzake, maana jozi nyingi zilitenganishwa zilipouzwa. Lakini si kila sanamu ya kiume ni Seto. Wafanyabiashara hulipenda jina hilo kwa kuwa sanamu yenye jina huuzika kwa bei ya juu.

Vinyago vya kuvaliwa usoni ni vichache zaidi, na vinahusishwa na gaza, yaani jando la vijana. Vingi ni vya mviringo uliorefuka, vina kina kidogo, na mstari wa paji la uso hurudiwa humo. Baadhi vimepakwa udongo mweupe. Kigeuze, kwa sababu nyuma husema zaidi kuliko mbele: ndani ya kinyago kilichovaliwa huwa pameng'aa panapogusa ngozi, na kingo za matundu ya kamba zimelika bila usawa.

Usioshe wala kupaka mafuta. Udongo, masizi na masalia ya tambiko ni sehemu ya ushahidi, na vikishatoka havirudi. Tumia brashi laini kavu tu, na ukiona vumbi jipya la mbao chini ya kitako, kitenganishe kitu hicho na vingine mara moja, kwani wadudu bado wanakula.

Mwisho, fuatilia safari ya kitu chenyewe: nani alikichukua, wapi, mwaka gani. Vitu vingi vya Ubangi vilikusanywa na wamisionari na maofisa wakati wa utawala wa Ubelgiji, na vingi vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji. Palipo na pengo katika historia hiyo, hasa baada ya Mkataba wa UNESCO wa 1970 unaozuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, dai hati za kutolewa nchini kabla ya kulipa chochote.