SOMO: Laptopu nyembamba ya bei kubwa na ya bei ndogo, namna ya kuzilinganisha kabla hujalipa

Wakuu, laptopu mbili zinaweza kukaa kaunta moja, zote nyembamba, zote rangi ya fedha, zote chini ya kilo moja na nusu, na moja ikauzwa mara nne ya mwenzake. Umbo halikuambii kwa nini. Bei imejificha kwenye vitu vilivyochomelewa kwenye bodi kuu ya ndani (motherboard), ambavyo ukishalipa hakuna fundi wa kukubadilishia kwa gharama ya maana. Tunaanza na hivyo. Vinavyobadilika vitafuata.

Hatua ya 1: Soma namba ya prosesa yote

Stika ya "Core i5" au "Ryzen 5" peke yake haikusaidii kuijua prosesa, yaani ubongo wa laptopu. Mwambie muuzaji aiwashe, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance kisha CPU, soma jina kamili hadi herufi ya mwisho.

Nyembamba nyingi za bei ndogo zina prosesa dhaifu kama Celeron N4020: viini (cores) 2, wati 6. Joto lake ni dogo mno, kwa hiyo kiwanda kinaweza kuifungia kwenye kasha jembamba bila feni. Kwa kuandika barua inatosha. Fungua kurasa kumi za intaneti na kikao cha video kwa pamoja, inaganda. MacBook Air ya M1 (2020) na ya M2 (2022) nazo hazina feni, lakini zina viini 8, na zikipata moto kwa kazi nzito ya muda mrefu hupunguza kasi kidogo, hazigandi.

Upande wa AMD, kampuni ya prosesa za Ryzen, kuna mtego unaowanasa hata wauzaji. Kwenye mfululizo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja kizazi cha usanifu wa ndani, ambao AMD huuita Zen. Ryzen 5 7520U ni Zen 2 yenye viini 4. Ryzen 5 7530U ni Zen 3 yenye viini 6. Tangazo likiandika "Ryzen 5 ya 7000" tu, omba namba kamili kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 2: RAM, na imekaaje

RAM ni kumbukumbu ya kazi ulizofungua. Dirisha lilelile, bonyeza Memory, tafuta mstari wa "Form factor". Ikiandika SODIMM, ni kipande kinachochomoka. Ikiandika Row of chips, imechomelewa: uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Hapa za bei kubwa ndizo zenye udhaifu. MacBook Air, ThinkPad X1 Carbon na Dell XPS 13 zote RAM yake imechomelewa. Baadhi ya za bei ndogo zina nafasi moja ya kuongezea, na hiyo ni faida ya kweli, wala msiidharau. Windows 11 inakubali GB 4 kwa maandishi, ila ikiwaka tu bila programu yoyote inaweza kumeza karibu GB 3. Kwa hiyo GB 4 iliyochomelewa usinunue hata ukipunguziwa. GB 8 ndiyo sakafu. Kama imechomelewa na unataka miaka mitano ya kazi, chukua GB 16.

Jambo dogo la wanaohariri picha: laptopu yenye Intel Iris Xe (sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa) ikiwekewa kipande kimoja tu cha RAM, mfumo huitambua kama "UHD Graphics" na nguvu ya picha hushuka. Inataka RAM ya njia mbili (dual channel).

Hatua ya 3: Hifadhi

eMMC, hifadhi ya chipu ya bei ndogo, si SSD, hata muuzaji akiapa. Kasi ya juu kabisa ya eMMC 5.1 kinadharia ni MB 400 kwa sekunde. SSD ya NVMe, ile ya kasi, ya kizazi cha tatu hufika karibu MB 3,500. eMMC nayo imechomelewa. Ya GB 64 hujazwa nusu na Windows yenyewe, halafu masasisho makubwa yanagoma kwa kukosa nafasi. Hiyo ndiyo sababu laptopu za namna hii hurudi kwa fundi mapema huku mwenyewe akidhani ni virusi.

Kama ni SSD ya M.2 (kipande chembamba kinachochomeka), ulizia urefu: 2242 (milimita 42) au 2280 (milimita 80). Kasha jembamba wakati mwingine lina nafasi ya 2242 tu, na ile ndefu uliyonunua haitaingia.

Hatua ya 4: Kioo

Weka picha yenye sehemu nyeusi, kisha ulaze mfuniko nyuma taratibu. Rangi zikigeuka na nyeusi ikawa kijivu, hicho ni kioo cha TN, aina ya bei ndogo. IPS, aina bora zaidi, haigeuki hivyo. Baada ya hapo isogeze mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Vioo vya bei ndogo vingi vina niti (kipimo cha mwangaza) 220 hadi 250, na nje husomi kitu. MacBook Air ya M2 ina niti 500.

Hatua ya 5: Bawaba na tundu la chaja

Fungua mfuniko polepole ukitazama kona za nyuma. Fremu ikiachia mwanya au ikilia, iache. Kwenye kasha la plastiki, skrubu za bawaba hushika nati ndogo za shaba zilizopachikwa ndani ya plastiki. Plastiki ikiwa nyembamba na bawaba ikiwa ngumu, nati hung'oka, kisha mfuniko unapasua kasha kila ukifunguliwa.

Tundu la USB-C lijaribu kwa chaja. Kwenye nyingi za bei ndogo linapitisha data tu, halichaji.

Hatua ya 6: Betri, hasa kwa zilizotumika

Fungua Command Prompt, andika:

powercfg /batteryreport

Itakuonyesha lilipohifadhiwa faili la battery-report.html. Lifungue, tazama DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Mfano, X1 Carbon ya mwaka 2021 ilitoka na betri ya Wh (wati-saa) 57, yaani mWh 57,000. Ukikuta inajaa hadi 39,900, gawanya: imebaki asilimia 70. Chini ya hapo, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya laptopu.

Saa za kwenye tangazo ziache. Chukua Wh ugawe kwa 7, ambayo ni wati za wastani kwa kazi nyepesi. Betri ya Wh 42 inakupa kama saa 6.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina i7-7600U ya mtumba na i3-1215U mpya, bei zimekaribiana. i7 si ndiyo kubwa?

Jibu: Hapana, mkuu. Hiyo i7 ni ya kizazi cha 7, ina viini 2, na haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, kwa hiyo inabaki na Windows 10. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. i3-1215U ina viini 6. Chukua i3, mradi RAM yake ipite hatua ya 2.

Swali: Kwa bajeti ya laptopu mpya ya Celeron, nichukue X1 Carbon iliyotumika?

Jibu: Ndiyo, kama ni ya Intel kizazi cha 8 kuendelea na ina GB 16. Ila kwanza izime, iwashe ukibonyeza F1. Ikidai nenosiri la msimamizi, usilipe. Kwenye ThinkPad nenosiri hilo halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi. Kwa MacBook, ifutwe yote kisha ianzishwe kama mpya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikitokea "Remote Management" au ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, mrudishie muuzaji.

Swali: Huku kwetu umeme unakatika sana. Naweza kuchaji kwa pawabenki?

Jibu: Kama USB-C yake inachaji, ndiyo. Tafuta pawabenki yenye USB-C PD (Power Delivery, chaji ya nguvu kubwa) ya wati 45 au zaidi. Ya wati 18 laptopu nyingi huikataa, au huchaji ikiwa imezimwa tu. Na kama unasafiri kwa ndege, isizidi Wh 100.

Swali: Nimeletewa moja safi sana, ila tachipadi imeinuka upande mmoja na kubofya ni kugumu. Nikaze skrubu?

Jibu: Usikaze chochote, dada. Hiyo kwa kawaida ni betri iliyovimba inasukuma tachipadi kutoka chini. Izime, usiichaji, usiikandamize. Fundi aitoe bila kuitoboa, maana betri ya lithiamu ikitobolewa inashika moto. Kama bado hujalipa, ama ibadilishwe betri mbele yako, ama uiache.